Kijipu kinachokuja na kuondoka: ufizi unaozunguka kipandikizi unapolalamika

Kilikuwa kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kimekaa kwenye ufizi wa chini kushoto, upande wa shavuni. Nilipokibonyeza kwa kidole kilitoa tone la usaha. Bibi mwenyewe hakushtuka wala hakuumia.

"Mwanangu," alisema baada ya kusukutua, "huyu ni kama mgeni wa Idi. Nikinywa dawa anaaga. Dawa zikiisha yuko mlangoni."

Dawa alikuwa nazo mkobani, akazitandaza mezani: amoksilini, metronidazoli, kisha amoksilini tena. Dozi tatu ndani ya miezi mitano. Moja aliandikiwa, mbili kajinunulia famasi. Kipandikizi chenyewe, yaani jino la bandia linalosimama juu ya mzizi uliopandwa ndani ya mfupa wa taya, aliwekewa Muscat, anakoishi binti yake, miaka mitatu nyuma, na hakikuwahi kumsumbua. Sasa alikuwa Dar es Salaam kwa harusi ya mjukuu, na wanawe wakaona aonwe na mtu kabla hajapanda ndege kurudi.

Eksirei ilionyesha mfupa umekumbatia kipandikizi vizuri, hakuna shimo pembeni. Basi nikalibana taji kati ya mipini ya vyombo viwili, nikalisukuma shavuni na ulimini. Likacheza. Si sana, unene wa unywele tu.

Bibi alipohisi limecheza, uso ulibadilika. Aliona kipandikizi ndiyo basi tena. Lakini kilichocheza hakikuwa kipandikizi, na ili nieleze kwa nini, ni lazima nilitenganishe jino hili vipande vipande.

Vipande ni vitatu. Chini kabisa, ndani ya mfupa, kuna mzizi wa titani. Juu yake husimama kipande kinachopenya ufizi, tukiite shingo. Juu ya shingo kuna taji, yaani jino lenyewe unalolionyesha ukicheka. Shingo hukazwa kwenye mzizi kwa skrubu nyembamba. Taji ama hugandishwa juu ya shingo kwa simenti ya meno, ama hukazwa pamoja nayo kwa skrubu hiyohiyo, kisha tundu la juu huzibwa kwa dawa ya kujazia yenye rangi ya jino. Mzizi ukicheza, habari ni mbaya. Skrubu ikilegea ni kazi ya dakika arobaini, na nusu yake ni maongezi.

Mfupa na ufizi havikubali sawa

Hadithi ya vipandikizi husimuliwa kama hadithi ya mfupa. Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliweka vifaa vya titani kwenye miguu ya sungura mwaka 1952 ili kuchunguza mzunguko wa damu, na alipotaka kuvitoa vikagoma: mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1965, mjini Göteborg, mgonjwa wake wa kwanza wa meno, Gösta Larsson, aliwekewa mizizi ya titani kwenye taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anaitumia. Miaka arobaini na kitu.

Ufizi hautajwi sana katika hadithi hiyo, kwa sababu wenyewe haukufanya muujiza. Mfupa ulikubali kuoana na titani. Ufizi hadi leo ni jirani tu.

Jino la asili limefungwa kwa kamba. Nyuzinyuzi elfu na elfu hutoka kwenye mfupa na kwenye ufizi, zikajichomeka ndani ya ganda la mzizi wa jino kama kamba za hema kwenye vigingi. Titani haina ganda hilo. Nyuzi za ufizi zikifika pale hazina pa kujichomeka, basi hupita sambamba nayo au huizunguka, kama kola ya shati. Kola nzuri hubana barabara. Juu yake kuna ngozi laini ya ndani ya mdomo inayogusana na shingo kwa kimo cha milimita mbili hivi, na chini yake tishu ngumu kidogo ya milimita moja au moja na nusu. Huo ndio ulinzi wote kati ya mate yenye bakteria na mfupa. Hakuna kamba ya akiba.

Tofauti ya pili ni damu. Kati ya jino na mfupa kuna utando mwembamba wenye mishipa mingi, na ufizi wa jino hupata sehemu ya chakula chake humo. Kipandikizi hakina utando huo. Ufizi wake huishi kwa mishipa michache zaidi, kwa hiyo ukiudhiwa huchukua muda kusamehe.

Hili lilishapimwa kwa watu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, kule Århus, Denmark, waliwaomba vijana 12 waache kabisa kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu, wote fizi zikavimba na kutoa damu. Waliporudia mswaki, zikapona ndani ya siku chache. Mwaka 2012 kundi la Giovanni Salvi huko Bern, Uswisi, likafanya jaribio la namna hiyo kwa watu wenye meno ya asili na vipandikizi katika mdomo uleule. Wiki tatu bila mswaki, kisha wiki tatu za usafi mzuri. Ufizi wa vipandikizi uliwaka zaidi, na baada ya zile wiki tatu za usafi ulikuwa bado haujarudi ulikotoka.

Kwa hiyo ninapouona ufizi wa kipandikizi umekasirika, swali langu la kwanza si dawa gani. Natafuta kitu: kitu kilicholegea, kilichosahaulika, kinachobana, au ambacho mswaki haukifikii. Kitu hicho hakimezi vidonge. Amoksilini itaua bakteria walioko leo, na kesho wengine watahamia kwenye ufa uleule, maana nyumba bado ipo wazi.

Wiki mbili za mwanzo

Mtu akitoka kuwekewa kipandikizi, uso huvimba. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, siyo siku ya kwanza, na hapa ndipo simu zinapolia: "Daktari, mbona jana nilikuwa nafuu?" Hiyo ni njia yake ya kawaida. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika ishirini iwekwe na dakika ishirini iondolewe, husaidia siku ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo faida yake ni ndogo, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi hufanya kazi nzuri zaidi. Wazee wengine hupata madoa ya zambarau shavuni yanayoteremka hadi shingoni na kugeuka manjano. Inatisha kwenye kioo, lakini ni damu tu iliyovilia chini ya ngozi, na mwili huinywa yenyewe baada ya wiki moja au mbili.

Nyuzi za mshono ni habari nyingine. Kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10 kama si zile za kuyeyuka zenyewe. Uzi ukikatika siku ya nne, na ukaona kingo za ufizi zimeachana kwa milimita mbili au tatu, usikimbilie kudai kushonwa upya. Kingo za jeraha la siku nne ni kama karatasi iliyolowa: sindano ikipita, uzi hupasua. Mara nyingi jeraha dogo huachwa lijijaze lenyewe kutoka chini kwenda juu, huku likisafishwa kwa maji ya chumvi na klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria, na ndani ya wiki mbili tatu limefunga. Daktari anachopaswa kufanya siku hiyo ni kuuliza kwa nini lilifunguka. Je, ufizi ulivutwa sana ili ufike? Je, kuna meno ya bandia ya kuvua yanayoliponda kila mgonjwa anapotafuna? Kama yapo, yachongwe kwa ndani yaache nafasi, yawekwe tabaka laini, au yakae kwenye bilauri wiki moja au mbili. Mgonjwa atalalamika kuhusu sura yake. Mwache alalamike.

Na je, anavuta? Nikotini hukaza mishipa ya damu, ile michache tuliyoitaja. Ugoro na tambuu vina ubaya wao wa ziada, kwani donge lenyewe hukaa limelalia ufizi kwa saa nzima. Wa mirungi namwambia ahamishie shavu la pili, ingawa najua jibu atakalonipa.

Kuna tiba za nyumbani ambazo ningependa zibaki jikoni. Mafuta ya karafuu hutuliza jino lenye tundu, lakini juu ya kidonda kibichi huunguza. Vivyo hivyo asprini inayosagwa na kubandikwa: huacha doa jeupe, na doa hilo ni ngozi iliyokufa. Nimewahi kuitwa kutazama "maambukizi makali" yaliyokuwa si chochote ila asprini mbili na imani.

Wagonjwa wangu wanaofunga huwa nawashauri, kama hakuna haraka, tusubiri Ramadhani iishe. Wiki ya kwanza mtu anatakiwa anywe maji, ale laini, ameze dawa za maumivu kwa saa. Kusubiri mwezi mmoja hakudhuru mfupa.

Kizibo kinapochungulia

Katika upasuaji wa hatua mbili, mzizi wa titani hufunikwa na kizibo bapa, ufizi ukashonwa juu yake, na mzizi ukaachwa miezi kadhaa ushikane na mfupa. Mpango ni kwamba kizibo kisionekane hadi siku ya kukifunua. Wakati mwingine ufizi hutoboka na kizibo kikachungulia: nukta ya fedha katikati ya waridi.

Watu wengi, na madaktari wakiwemo, huona tundu dogo ni afadhali kuliko kubwa. Hapa ni kinyume. Kizibo kilichofunuka chote kinapigwa mswaki kama jino, na hakuna shida. Kilichofunikwa nusu kina kimfuko pembeni ambacho chakula huingia na mswaki hauingii, na uchafu huo umekaa juu kabisa ya ukingo wa mfupa, katika miezi ambayo mfupa hautaki usumbufu. Kwa hiyo, kama mzizi umesimama imara, ni bora kupanua tundu kwa ganzi kidogo, kutoa kizibo, kusafisha, na kuweka kikofia cha chuma kinachotokeza juu ya ufizi. Hatua mbili zimegeuka moja. Kama mfupa uliongezwa siku ileile na kuna utando wa kuufunika uliowekwa chini ya ufizi, mambo huwa mazito zaidi, na uamuzi huo hauna budi kufanywa na aliyefanya upasuaji, anayejua ameweka utando wa aina gani.

Kikofia nacho kina vituko vyake. Hukazwa kwa vidole, siyo kwa nguvu, hivyo hulegea. Mgonjwa huhisi kinazunguka anapokigusa kwa ulimi, au ufizi unamchoma kwa sababu kipande chake kimenaswa chini ya kikofia. Wengine huja nacho kimefungwa kwenye tishu, kimeng'aa kama hereni. Aliyekipoteza aje leo, au kesho asubuhi. Asisubiri Jumatatu. Ufizi hujifunga juu ya tundu lile kwa siku chache mno, na kurudisha kikofia kilichotoka jana ni jambo la dakika tano, wakati kilichotoka juma lililopita kinahitaji kisu tena. Kama amekimeza, kwa kawaida hutoka kwa njia ya haja. Lakini aliyekohoa sana wakati kinapotea, au anayepumua kwa mlio, aende hospitali akapigwe picha ya kifua, maana huenda kimeshuka kwenye njia ya hewa.

Taji likishavikwa

Siku ya kuvisha taji, tazama rangi. Taji likisukuma ufizi, ufizi huwa mweupe kwa sababu damu imebanwa. Weupe huo ukiisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano, sawa. Ukibaki, taji ni nene pale linapopita ufizini, na linatakiwa lipunguzwe kabla ya kukazwa. Daktari mwenye haraka humwambia mgonjwa kwamba litazoea. Mara nyingi halizoei. Ufizi unarudi nyuma au unabaki mwekundu daima.

Baadaye, lalamiko kubwa ni damu. Katika majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa na Jan Derks na Cristiano Tomasi mwaka 2015, uvimbe wa ufizi peke yake, bila mfupa kuliwa, ulipatikana kwa wastani wa asilimia 43 ya watu wenye vipandikizi, na ule ulioshafika mfupani asilimia 22. Huo wa kwanza ndio tunaouzungumzia hapa, na una sifa moja njema: unarudi nyuma ukishughulikiwa. Wa pili haurudi kwa urahisi.

Kutofautisha ni kazi ya kijiti cha kupimia na eksirei. Kijiti huingizwa kati ya ufizi na taji kwa nguvu ndogo sana, kama uzito wa gramu 25. Ukisukuma zaidi utatoboa kola na kuleta damu yako mwenyewe. Tone moja sehemu moja huenda ni mkwaruzo wa kijiti. Mstari wa damu unaozunguka, au usaha, ni uvimbe. Kisha unalinganisha eksirei ya leo na ile ya siku taji lilipovikwa. Wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2017 kuweka tafsiri ya magonjwa haya walikubaliana kwamba bila picha ya zamani, kina cha milimita 6 au zaidi pamoja na damu na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi kinatosha kusema mfupa umeshaingiliwa. Picha ya siku ya kwanza huokoa ubishi wote huo. Idai.

Ufizi uliovimba tu hutibiwa kwa usafi: ukoga na ugaga huondolewa kwa vyombo visivyokwaruza titani, na mgonjwa hufundishwa upya, kwa kioo mkononi, jinsi ya kufika pale. Mwongozo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2023 hauungi mkono kutoa antibiotiki za kumeza kwa tatizo hili, nami nafurahi kwamba sasa kuna karatasi ya kumwonyesha mgonjwa anayetaka sindano.

Simenti iliyosahaulika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kola inapotusaliti.

Taji la kugandishwa hujazwa simenti kisha husukumwa chini. Simenti iliyozidi lazima itoke mahali fulani. Kwenye jino la asili, zile kamba hupunguza kasi yake. Kwenye kipandikizi hakuna kamba, kwa hiyo simenti hutiririka chini kati ya shingo na ufizi, ikaganda huko, ikawa ngumu na yenye vishimo ambavyo bakteria huvipenda. Daktari hufuta anayoiona. Asiyoiona hubaki miaka.

Thomas Wilson wa Marekani aliingiza kamera ndogo chini ya ufizi wa vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa na kuchapisha alichokiona mwaka 2009: simenti iliyobaki ilikuwepo katika asilimia 81. Ilipoondolewa, dalili zilitoweka katika asilimia 74 ya vipandikizi hivyo vilivyofuatiliwa. Hakuna dozi niliyowahi kuiandika yenye matokeo ya aina hiyo.

Mwaka jana niliitoa moja kwenye jino la mbele la mwalimu wa sekondari, aliyetokwa na damu miezi minane na kuacha kupiga mswaki pale kwa hofu. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa sababu simenti nyingine hazionekani kwenye picha, na ikiwa upande wa mbele, unaotazama mdomo, hufichwa na chuma chenyewe. Nilimtia ganzi, nikapitisha chombo chembamba taratibu kuzunguka shingo, na upande wa mdomo kikakwaruza kitu. Kikatoka kipande cha njano chafu, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikiweka juu ya shashi nikampa akitazame. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaomba akipige picha.

Ndiyo maana wengi wetu siku hizi tunapendelea taji la skrubu panapowezekana. Halina simenti ya kusahau. Lina ila yake, nayo ndiyo iliyomleta bibi.

Skrubu iliyolegea

Skrubu inayokaza shingo hufanya kazi kwa kuvutwa, kama kamba ya ngoma. Inapokazwa kwa kipimo chake cha nguvu ya kuzungusha (torki), ambacho kwa mifumo mingi ni kati ya Nyutoni-sentimita 25 na 35, hunyooka kidogo sana na kuvuta vipande viwili vikabanana. Ikikazwa kwa mkono tu, au kutafuna kukilemea upande mmoja, mvuto hupungua. Ufa hufunguka kila mtu anapouma na kufunga anapoachia, ukinyonya mate na kuyatema. Kile kijipu hutokea sawasawa na usawa wa ufa huo. Mahali pa kijipu pakilingana na mahali pa maungio, na mfupa ukiwa mzima, nashika bisibisi kabla ya kalamu.

Tatizo lilikuwa ni bisibisi ipi. Bibi hakuwa na kadi ya kipandikizi. Kila kampuni ina kichwa chake cha skrubu, na ukiingiza bisibisi isiyolingana, ukakiviringa kichwa, umefunga mlango kwa nje. Ilibidi nilinganishe umbo la mzizi kwenye eksirei na picha za mifumo ninayoijua, kisha nimwombe binti apitie kliniki ya Muscat kuuliza. Jibu lilikuja kwa WhatsApp jioni ileile.

Kesho yake nilitoboa ile dawa ya kujazia juu ya taji. Chini yake palikuwa na pamba, na pamba hiyo ilinuka. Msaidizi wangu aligeuza uso. Skrubu ilizunguka mara mbili bila ubishi, ikatoka. Nilivua taji, nikasafisha ndani ya mzizi na chini ya taji kwa klorheksidini, nikaweka skrubu mpya, kwa sababu ya zamani ikishalegea na kutafuniwa huwa imechoka. Nikaikaza hadi kipimo, tukasubiri dakika kumi, nikaikaza tena. Nyuso za vyuma hukaa sawa baada ya mkazo wa kwanza na mvuto hupungua kidogo. Badala ya pamba niliweka utepe wa teflon, uleule mafundi bomba wanaozungushia mabomba, ila uliosafishwa. Mwisho nikapima jinsi meno yanavyokutana. Taji lilikuwa linagonga kabla ya mengine. Nililipunguza. Kama ningeliacha, skrubu mpya ingelegea kama mwenzake.

Kijipu sikukipasua. Baada ya siku kumi kilikuwa kimefunga, pamebaki alama nyekundu tu.

Ufizi mwingi, ufizi haba

Ufizi unaoota na kupanda juu ya taji, au chini ya chuma kinachoshikilia meno ya bandia, mara nyingi una mambo mawili pamoja: nafasi finyu isiyosafishika, na dawa. Amlodipini na nifedipini za presha, fenitoini ya kifafa na siklosporini ya waliopandikizwa figo hujulikana kwa kukuza ufizi. Mtu asiache dawa ya presha kwa ajili ya ufizi. Aongee na anayemtibu presha, kuna nyinginezo. Ufizi uliozidi hukatwa, lakini pasiposafishika hurudi.

Upande wa pili kuna wenye ufizi mgumu kidogo mno. Ufizi mgumu, ule usiosogea ukivuta mdomo, ukiwa chini ya milimita 2 kuzunguka kipandikizi, mswaki unauma, mtu anauepuka, ukoga unajaa. Hapa kipande cha ngozi kutoka kwenye kaakaa hushonwa pale, na kinachouma zaidi baadaye ni kaakaa. Ufizi ukiwa mwembamba kwa unene, titani huonekana kama kivuli cha kijivu. Ronald Jung na wenzake walijaribu hili kwenye mataya ya nguruwe mwaka 2007: ufizi ulipofika unene wa milimita 3, jicho halikuona tofauti ya rangi.

Mambo ambayo si madogo

Sakafu ya mdomo ikivimba na ulimi kuinuka saa chache baada ya kuwekewa vipandikizi vya mbele chini, hiyo ni damu inayovuja ndani na inaweza kuziba pumzi. Ni hospitali, sasa hivi. Mdomo au kidevu kikiendelea kufa ganzi baada ya dawa ya ganzi kuisha muda wake, piga simu siku hiyohiyo, usingoje miadi. Homa, kushindwa kufungua mdomo, uvimbe unaozidi baada ya siku ya nne, vivyo hivyo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa asijipe siku za kungoja hata kidogo.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Brashi ndogo za kupitisha kati ya meno, zile ambazo waya wake umefunikwa plastiki, hufika ambako mswaki haufiki. Mswaki wa mti wa Pwani, ule tunaoutumia kabla ya sala, husafisha vizuri uso wa mbele, lakini haupiti chini ya daraja, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa pamoja, na ncha mpya isiyotafunwa vya kutosha hukwaruza. Klorheksidini ni ya wiki mbili, si ya mwaka: huyapaka meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chai.

Na kadi. Jina la mfumo, kipenyo na urefu wa mzizi, namba ya toleo, taji ni la skrubu au la simenti, kipimo cha mkazo. Mistari mitano. Bibi nilimwandikia kwa mkono, nikabandika na nakala ya eksirei nyuma yake. Aliisoma, akauliza "torki" ni nini, nikamweleza, akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya pasipoti, kwenye ukurasa wa viza.